Dramu ya nyuma imegoma kutoka: kabla ya nyundo, jua inashikwa wapi

Swali la msomaji: "Fundi, shikamoo. Nina pikapu ya mwaka 1992 iliyokaa bila kutembea karibu miaka miwili. Nataka kubadilisha viatu vya breki vya nyuma. Dramu ya kushoto ilitoka kwa kugongwa mara tatu nne tu. Ya kulia nimeigonga siku mbili na nimeimalizia kopo zima la mafuta ya kulegeza kutu, haitoki. Inazunguka, lakini kwa kukwaruza, na nikiivuta inasogea kidogo halafu inarudi. Kipande cha ukingo wake kimeshameguka. Mmoja ananiambia nitafute pula kubwa ya kuivutia, mwingine anasema niipashe moto, wa tatu anasema niikate kwa grenda. Nifuate lipi?"

Marahaba. Weka nyundo chini kwanza. Jibu umeliandika mwenyewe ndani ya swali lako, kwenye maneno haya: "inasogea kidogo halafu inarudi". Dramu iliyokamatwa na kutu haisogei hata kidogo. Yako inasogea, maana yake kutu ya katikati imeshaachia, pengine tangu siku ya kwanza, na tangu hapo unapigana na kitu kingine. Dramu ni kama bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu na kufunika viatu vya breki, na viatu hivyo ndivyo vinaishikilia kwa ndani. Kwa hali hiyo pula kubwa itavunja kitu, moto utaunguza mipira ya silinda bila faida, na grenda bado ina foleni ndefu mbele yake.

Tazama kinachoendelea humo ndani. Lainingi, yaani kile kitambaa kigumu cha msuguano kilichobandikwa kwenye kiatu, inasugua sehemu ya dramu inayoifikia, na mwaka baada ya mwaka inaichimba mfereji. Lakini kule nyuma, karibu na bamba linalobeba viatu, kuna ukanda mwembamba ambao lainingi haiufikii. Ukanda huo unabaki na kipenyo cha kiwandani, na juu yake kutu inajijenga. Wakati huohuo ajasta, kifaa cha kurekebisha nafasi ya viatu, inavisogeza viatu nje kidogo kidogo kufuata dramu inavyolika. Mwishowe viatu vimekaa ndani ya mfereji, na dramu ina mdomo mwembamba kuliko vilivyo ndani yake, kama chungu kilichofinywa shingo. Ukivuta, mdomo unagota kwenye ukingo wa viatu. Viatu vimeshikwa kwenye bamba kwa springi ndogo, hivyo vinakubali kuvutwa milimita mbili tatu, kisha springi zinarudisha kila kitu mahali pake. Hiyo ndiyo "inarudi" yako.

Kwa namba ni hivi. Chukua dramu ya milimita 254, kipimo kinachoonekana sana kwenye pikapu za umri huo. Kwenye dramu yenyewe huwa pameandikwa kipenyo cha mwisho kinachoruhusiwa, na kwa 254 mara nyingi ni 256. Ikifika mwisho wake, ina ngazi ya milimita moja kuzunguka mdomo wote, bila kuhesabu kutu. Milimita moja haionekani kuwa kitu, lakini nafasi kati ya lainingi na dramu breki ikiwa imefungwa sawasawa ni kama nusu milimita tu kwa kipenyo chote. Kiatu hakina pa kukimbilia. Hata ukivuta kwa trekta, unavuta chuma dhidi ya chuma.

Sasa, kwa nini kulia tu? Dramu mbili za ekseli moja zimelika karibu sawa. Kushoto ilitoka, kwa hiyo mdomo peke yake hautoshi kueleza. Upande wa kulia kuna kitu kinavisukuma viatu nje zaidi, na wewe mwenyewe umesema dramu inakwaruza ikizunguka. Washukiwa ni watatu: kebo ya hendibreki ya upande huo, ajasta, na silinda ndogo ya breki. Nikikisia, gari liliegeshwa hendibreki ikiwa imevutwa, na miaka miwili imeigandisha kebo ya kulia ndani ya ala yake. Unashusha mkono wa hendibreki pale kwenye kiti, taa inazima, unaamini imeachia, kumbe kule nyuma hakuna kilichosogea.

Kabla hujaingia chini, usalama. Hendibreki lazima iachiwe na magurudumu ya nyuma yako juu, kwa hiyo kinachozuia gari lisitembee ni kabari za mbele peke yake. Weka kabari imara mbele na nyuma ya magurudumu yote mawili ya mbele. Ekseli ikae juu ya stendi za chuma, si juu ya jeki, na si juu ya matofali, ambayo hupasuka ghafla bila kutoa taarifa. Weka gia huru ili dramu izunguke. Kisha litikise gari kwa nguvu ukiwa umesimama pembeni. Kama litaanguka, liangukie sasa. Mtu anayegonga dramu anatikisa gari zima bila kujua, na ndiyo maana nasisitiza hapa kuliko kwenye kazi nyingine za breki.

Anza na kebo kwa sababu ndiyo rahisi. Legeza nati ya kurekebishia hendibreki mpaka kebo ilegee kabisa, kisha ingia chini uitazame inapoingia kwenye bamba la nyuma, kulia na kushoto. Kwenye magari mengine kuna mkono mdogo wa chuma nje ya bamba, kwenye mengine mkono uko ndani na unachoona ni kebo tu. Linganisha pande mbili. Kama wa kushoto umelegea na wa kulia umekakamaa, mwizi umempata. Usukume mkono huo kurudi kwa bisibisi kubwa au mtaimbo mfupi, au shika waya wa kebo kwa koleo uusukume kurudi ndani ya ala. Nimeona dramu zikitoka kwa vidole baada ya hapo. Kwenye baadhi ya magari kuna pia kitundu nyuma ya bamba ambacho ukipenyeza bisibisi unausogeza mkono wa hendibreki upite kizuizi chake, na viatu vinarudi ndani milimita kadhaa. Kama gari lako lina kitundu hicho, kitumie kabla ya kuhangaika na ajasta.

Halafu silinda. Fungua skrubu ya kutolea hewa ya upande huo robo mzunguko, ukiwa umeweka mpira na chupa. Mafuta yakichuruzika kidogo tu, sawa. Yakiruka kwa nguvu na dramu ikalegea palepale, basi kulikuwa na shinikizo lililofungiwa, na kosa lako kubwa liko kwenye mpira wa breki uliovimba kwa ndani ukaziba, au kwenye bomba lililobonyea. Hapo hata ukibadilisha viatu, breki itaendelea kukamata mpaka umbadilishe huyo aliyeziba. Watu wengi hawalijaribu hili kwa sababu wanaogopa kutoa hewa baadaye, lakini kazi ya kubadilisha viatu vya gari la umri huo ni vizuri imalizike kwa mafuta mapya ya breki hata hivyo.

Kama dramu bado inagota, twende kwenye ajasta, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo wengi wanapokosea.

Ajasta ya kawaida kwenye magari ya namna yako ni fimbo yenye uzi na kinyota chenye meno katikati. Kwenye bamba la nyuma, au mara nyingine usoni mwa dramu, kuna tundu la mviringo mrefu lenye kifuniko cha mpira. Kitoe, washa tochi, zungusha dramu kama tundu liko usoni, mpaka uyaone meno. Juu ya meno kuna kilimi cha chuma chenye springi. Kazi ya kilimi ni kukiruhusu kinyota kizunguke upande mmoja tu, ule wa kupanua viatu. Kumbuka hilo na hutahitaji kitabu kukuambia uzungushe juu au chini: ukisukuma meno kwa bisibisi na kinyota kikakubali huku kikilia tik, tik, tik, simama. Unavibana viatu zaidi. Upande unaokataa ndio unaoutaka. Nimewakuta vijana wamekizungusha nusu saa kwa furaha kwa vile "kinazunguka vizuri", na dramu ambayo ilikuwa inazunguka kwa kukwaruza sasa haizunguki kabisa.

Ili kinyota kirudi nyuma, kilimi lazima kiinuliwe kiachane na meno. Vifaa viwili kwenye tundu moja: bisibisi nyembamba ya kukisukuma kilimi, au spoku ya baiskeli uliyoikunja ncha kama ndoana ya kukivutia, na bisibisi ya pili bapa ya kusukumia meno. Ni kazi ya kubahatisha kwa muda wa kwanza, vidole vinachubuka, mwanga hautoshi. Ukishapata hisia yake inakwenda. Hesabu mizunguko kamili ya kinyota, usihesabu meno. Uzi wa ajasta ni mwembamba, mzunguko mmoja unafupisha fimbo kama milimita moja hivi, na ufupi huo unagawanywa kwa viatu viwili. Kwa hiyo ukitaka viatu virudi vivuke ngazi ya milimita moja, mizunguko miwili kamili au zaidi si mingi. Anayerudisha meno sita akavuta na kukata tamaa alikuwa bado hajaanza.

Kila mzunguko mmoja, toa mkono kwenye tundu uizungushe dramu. Kukwaruza kukipungua uko njiani. Kukiisha, ivute kwa mikono miwili huku ukiiyumbisha, juu ukivuta, chini ukisukuma, kisha kinyume. Mdomo unapita kwenye viatu upande mmoja kwanza. Ndipo kiganja au nyundo ya mpira inapofaa, kwa kugusagusa tu.

Magari mengine hayana kinyota, na nalitaja hili kwa atakayesoma akiwa na gari tofauti. Golf na ndugu zake za Volkswagen wa miaka hiyo zina kabari ndogo iliyosimama wima kati ya viatu. Unaifikia kwa bisibisi kupitia tundu la bolti ya gurudumu na kuisukuma juu, viatu vinarudi. Land Rover za zamani zina kichwa cha bolti nyuma ya bamba kinachozungusha kipande cha chuma chenye umbo la konokono kinachosukuma kiatu, na Mini ya zamani ina kijiti cha pembe nne nyuma ya bamba. Vijiti hivyo huganda vibaya na pembe zake huliwa na spana mbovu. Vilowekwe mafuta usiku kucha, na tumia spana inayoshika pande zote nne.

Kama kinyota chako kimeganda au kilimi kimekunjika, bado kuna mlango mmoja kabla ya grenda, na mimi naupenda kuliko nguvu yoyote. Tazama nyuma ya bamba: utaona vichwa viwili vidogo kama vichwa vya misumari, kimoja kwa kila kiatu. Ni pini zinazoshikilia viatu visiyumbe. Jaribu kushika kichwa kwa koleo na kukizungusha robo mzunguko. Ukibahatika, pini inaachana na kikombe chake ndani na inachomoka. Usipobahatika, kata kichwa kwa tindo kali au koleo ya kukatia. Pini zikiondoka, viatu havina tena kinachovishika kwa ubavu, na dramu inaweza kutoka ikiwa imevibeba ndani yake. Vuta taratibu. Kiatu kimoja bado kimefungwa kwenye kebo ya hendibreki, na pistoni za silinda zinaweza kufuata. Pini, springi na vikombe vyake huuzwa kwa seti ndogo na ni vitu vya kubadilisha hata hivyo, kwa hiyo hujapoteza kitu ambacho ungekihifadhi.

Hiyo ndiyo njia yako, na nina imani hutavuka aya ya kebo na ya ajasta. Lakini najua wapo watakaosoma hapa ambao dramu yao haisogei kabisa, na wao ugonjwa wao ni mwingine. Vipimo ni viwili tu. Zungusha, kisha vuta. Inayozunguka bila kukwaruza na haivutiki hata kwa unywele imeshikwa na kutu kwenye duara la katikati, pale dramu inapovaa habu, yaani kitovu cha gurudumu. Inayozunguka kwa kukwaruza na inavutika kidogo imeshikwa na viatu, kama yako. Isiyozunguka kabisa ama hendibreki imekamata, ama lainingi imegandana na dramu kwa kutu baada ya gari kukaa na unyevu, ama lainingi imebanduka kwenye chuma chake na kujikunja ndani.

Ya kugandana, mara nyingi inaachia kwa gari lenyewe. Rudisha gurudumu, shusha gari chini, toa hendibreki, weka gia ya kwanza usogeze kidogo sana, kisha rivasi. Ukisikia mlio mmoja mkali, imeachia. Isipoachia kwa kusukumwa kidogo, usiipeleke kwa nguvu ya injini. Ipandishe tena uigonge kuzunguka mzingo wake wa nje kwa nyundo ndogo.

Ya kutu ya katikati ndiyo inayohitaji nyundo, na nyundo ina mahali pake. Kwanza hakikisha hakuna skrubu. Dramu nyingi zina skrubu moja, mbili au tatu zilizozama usoni, na kazi yake ni kuishika dramu kiwandani kabla gurudumu halijafungwa. Nati za magurudumu ndizo zinazoibana kikweli. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima kwenye dramu moja iliyopakwa rangi nyeusi na mtu aliyetaka ipendeze. Nimegonga, nimelowesha, nimeweka pula, nimetukana kimoyomoyo. Mchana nikaipitisha brashi ya waya usoni kwa sababu nyingine kabisa, na chini ya rangi kikatokea kishimo cha mviringo kilichojaa kutu. Skrubu. Tangu siku hiyo brashi ya waya inatangulia nyundo. Skrubu iliyoliwa kichwa usiing'ang'anie. Tumia bisibisi ya kugongwa inayojizungusha, na ikishindikana toboa kichwa kwa keekee mpaka kiruke. Dramu ikitoka, kipande kilichobaki kinachomoza na unakishika kwa koleo.

Pili, tafuta matundu mawili yenye uzi usoni mwa dramu. Magari mengi ya Kijapani yanayo, na kwa kawaida ni ya bolti M8 zenye uzi wa 1.25. Yasafishe uzi kwanza, paka grisi kwenye ncha za bolti, kisha kaza zote mbili kwa zamu, robo mzunguko huku, robo kule. Zikishakuwa nzito usiendelee kukaza. Hapo ndipo unachukua nyundo ya kilo moja na kugonga uso wa dramu katikati ya stadi (zile bolti zinazofungia gurudumu), kwenye ile sehemu bapa inayozunguka habu, zungusha robo, gonga tena. Bolti zinashikilia mvuto, na mtetemo wa nyundo unaivunja kutu. Kila moja peke yake haifanyi kazi nusu ya zikiwa pamoja. Mafuta ya kulegeza kutu yaende hapohapo, kwenye duara la katikati na mashina ya stadi, kidogo kidogo, na yapewe usiku mzima. Kopo zima kwa saa moja ni kuyaosha matope.

Usigonge ukingo wa nje kutoka nyuma. Dramu ni chuma cha kumimina: ukikibana kinavumilia mno, lakini ukikivuta au kukikunja kinameguka bila kujipinda kwanza. Ndicho kilichokupata. Na nyundo inayokosa ukingo inatua kwenye bamba la nyuma, ambalo ni bati tu, likikunjika litakwaruza dramu mpya mpaka mwisho wa maisha yake. Pula ya miguu mitatu inavuta ukingo huohuo, kwa hiyo ikitumika iwe kwa mvuto wa wastani pamoja na kugonga katikati, wala usiining'inie.

Moto una kazi, ila si kazi ambayo watu wanafikiri. Duara la katikati lenye kipenyo cha milimita 60, ukilipandisha joto nyuzi 150, linapanuka kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kidogo hivyo kinatosha kupasua kutu, mradi joto liingie kwenye dramu haraka kuliko linavyofika kwenye habu. Kwa hiyo mwali uzunguke upesi kuzunguka tundu la katikati, dakika moja au mbili, kisha nyundo. Ukiweka mwali nusu saa, umepasha vyote viwili, vimepanuka pamoja, na sili ya ekseli (mpira unaozuia mafuta ya gia yasivuje) na mipira ya silinda imeiva. Mafuta ya kulegeza kutu yanashika moto, yafute kwanza. Na kama umeshapuliza kisafisha breki chenye klorini mahali hapo, sahau moto siku hiyo: klorini ya namna hiyo ikikutana na mwali hutoa fosijini, gesi inayoharibu mapafu.

Kuna aina nyingine ya dramu ambayo hakuna kati ya haya yatakayoitoa, kwa sababu beringi imo ndani yake. Katikati utaona kofia ya grisi, chini yake pini na nati. Magari madogo mengi yanayoendeshwa na magurudumu ya mbele yako hivyo nyuma. Toa kofia, pini, nati, na dramu inakuja na beringi zake. Beetle ya Volkswagen nayo ina nati ya milimita 36 iliyokazwa kwa nguvu inayokaribia Nm 300, na hiyo hulegezwa gari likiwa chini, kamwe si likiwa juu ya stendi.

Narudi kwako, dramu ikishatoka. Usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa kompresa. Gari la 1992 limebadilishwa viatu mara nyingi na hujui nani aliweka nini, na lainingi za zamani zilikuwa na asbesto. Mwagia maji yenye sabuni kidogo, futa kwa kitambaa kibichi, kitambaa kiingie kwenye mfuko na mfuko ufungwe. Na mtu yeyote asikanyage pedali ya breki wakati dramu iko nje, pistoni zitatoka kwenye silinda.

Inua kidogo ukingo wa mipira ya silinda kwa bisibisi. Ukikuta unyevu, silinda imekwisha. Ukikuta mafuta mazito yenye harufu kali ya gia, hiyo ni sili ya ekseli, na viatu vipya vitaharibika wiki hiyohiyo usipoibadilisha. Kebo iliyoganda usiiloweke mafuta ukaridhika, ibadilishe, la sivyo tutaandikiana tena.

Ile dramu iliyomeguka, itundike kwa waya na uigonge taratibu kwa kipini cha nyundo. Nzima inalia kama kengele na sauti inabaki. Yenye ufa inatoa mlio mfupi, mfu, kama umegonga gogo. Hata kama yako italia, pima kipenyo chake, na kwa vile ukingo wake umeshavunjika mimi ningenunua mbili mpya, kulia na kushoto, ili gari lisivute upande mmoja ukikanyaga breki. Ukilazimika kurudisha ya zamani yenye kipimo kizuri, kata ule mdomo kwa mashine ya kuchonga ili usije kukugotesha tena.

Kabla ya kuvalisha, sugua habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, kisha paka grisi ya shaba nyembamba mno kwenye duara la katikati peke yake. Ikigusa uso wa ndani wa dramu, ifute yote. Safisha uzi wa ajasta na uutie grisi ili kinyota kizunguke kwa kidole. Funga viatu vipya pande zote mbili, valisha dramu, panua kwa kinyota mpaka usikie mguso mwepesi ikizunguka, toa hewa, kanyaga pedali mara kadhaa viatu vijipange katikati, zungusha tena. Kebo ya hendibreki inakazwa mwisho kabisa, baada ya viatu kurekebishwa. Anayeanza na kebo anavivuta viatu kabla ajasta haijafanya kazi yake, na baada ya miezi michache dramu inagota tena.

Ukiingia chini ukakuta mkono wa kulia wa hendibreki umelegea sawa na wa kushoto, basi nimekisia vibaya. Niandikie uliona nini kwenye tundu la ajasta, meno yako katika hali gani na kilimi kiko upande gani.